Sindano ya kila wiki, slivu au baipasi: ulinganisho kwa anayeishi na unene uliokithiri Mombasa

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mtu mzima aliyeishi na unene uliokithiri kwa miaka mingi, ambaye amekwisha kupunguza na kurudisha kilo zilezile zaidi ya mara moja, na ambaye sasa daktari amemwambia kwamba chakula na mazoezi peke yake huenda visimtoshe. Mbele yake huwekwa njia tatu: sindano ya kupunguza hamu ya kula inayochomwa mara moja kwa wiki, upasuaji wa slivu (kukata na kupunguza mfuko wa tumbo), na upasuaji wa baipasi (kukipitisha chakula kando ya sehemu kubwa ya mfuko huo). Kila njia ina waliofaidika nayo na ina waliojuta. Aliyejuta, mara nyingi, alichagua kwa kuangalia kilo zitakazotoka mwaka wa kwanza, asiangalie atakayotakiwa kuyafanya kila siku katika mwaka wa tano. Ulinganisho huu unauangalia zaidi mwaka huo wa tano.

Kabla ya yote, lawama ya uvivu iwekwe kando. Mwili unapopungua uzito hujitetea: homoni za njaa hupanda, zile za shibe hushuka, na mwili hujifunza kutumia nguvu kidogo kuliko zamani, kwa hivyo aliyepunguza kilo 15 kwa kujinyima huwa na njaa kali kuliko mtu wa uzito uleule ambaye hakuwahi kunenepa. Mwenye kuhitaji dawa au kisu kwa maradhi ya namna hii hana la kuonea haya, kama vile mwenye presha hana la kuonea haya kwa kumeza kidonge chake.

Vigezo vya kulinganisha ni hivi: kila njia hufanya nini mwilini, uzito hupungua kiasi gani na hudumu vipi, kisukari na kiungulia huathirika vipi, hatari zake, sahani ya kila siku pamoja na saumu, wajibu wa kudumu wa vidonge na vipimo, gharama na umbali, na mwisho uzazi na maisha mbele za watu.

Nani anastahili

Madaktari huanza na uwiano wa uzito na urefu, yaani kilo zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Miongozo ya kimataifa ya wapasuaji iliyotolewa mwaka 2022 inapendekeza upasuaji kwa mwenye uwiano wa 35 au zaidi hata kama hana maradhi mengine, na inaruhusu ufikiriwe kuanzia 30 kwa mwenye kisukari au maradhi ya aina hiyo. Kwa mtu wa urefu wa mita 1.60, uwiano wa 35 ni kama kilo 90. Kwa wenye asili ya Asia, wakiwemo Wahindi ambao wana jamaa nyingi hapa mjini, madhara huanza mapema na kiwango hushushwa hadi 27.5. Sindano kwa kawaida huanzia 30, au 27 kwa mwenye maradhi yanayotokana na uzito.

Kila njia hufanya nini

Sindano za semaglutidi na tirzepatidi huiga homoni za utumbo zinazouarifu ubongo kwamba mtu ameshiba, na huchelewesha chakula kutoka katika mfuko wa tumbo. Katika slivu, mpasuaji hukata mfuko wa tumbo kwa urefu, akautoa nje karibu asilimia 75 hadi 80, kikabaki kimrija chembamba. Pamoja na sehemu iliyotolewa huondoka sehemu kubwa ya homoni ya njaa. Katika baipasi hakitolewi kitu. Hutengwa kifuko kidogo juu, chenye ujazo wa mililita 30 hivi, kisha utumbo mwembamba hukatwa na kuungwa nacho, hata chakula kikawa kinapita kando ya sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo na ya mwanzo wa utumbo. Pasuaji zote mbili hufanywa kwa matundu madogo na kamera, chini ya nusu kaputi, na mgonjwa hulala hospitalini siku chache.

Kilo, na kudumu kwake

Tumchukue mtu wa kilo 110. Katika jaribio kubwa la semaglutidi lililochapishwa mwaka 2021, waliotumia dozi ya miligramu 2.4 walipungua kwa wastani asilimia 15 hivi ya uzito wao katika wiki 68. Kwake yeye hizo ni kilo 16 au 17. Tirzepatidi kwa dozi ya juu, katika jaribio la mwaka 2022, ilifikia karibu asilimia 21, yaani kilo 23. Slivu kwa kawaida hushusha kama robo ya uzito, kilo 27 hivi, na baipasi huzidi hapo kidogo na kukaribia asilimia 30.

Tofauti kubwa hujitokeza baadaye. Walioacha semaglutidi walifuatiliwa mwaka mmoja, na kwa wastani walirudisha theluthi mbili za uzito uliokuwa umetoka. Hiyo haimaanishi kwamba sindano ni mbaya. Maana yake ni kwamba ni dawa ya muda mrefu, na anayeianza kwa nia ya kuitumia miezi sita tu ili harusi imkute mwembamba ajue mapema anachokinunua. Baada ya upasuaji uzito hushuka hadi mwezi wa 12 au 18, kisha wengi hurudisha sehemu yake. Wachache hurudisha nyingi, na hutokea zaidi kwa waliofanyiwa slivu kuliko waliofanyiwa baipasi.

Kisukari, kiungulia na mengineyo

Hapa ndipo njia hizi zinapoachana waziwazi, na kwa maoni yangu hapa panastahili uzito kuliko hesabu ya kilo. Mwenye kisukari cha aina ya pili hufaidika na zote tatu, lakini baipasi ndiyo yenye rekodi ndefu zaidi. Katika utafiti uliofanywa Cleveland, Marekani, na kutolewa matokeo ya miaka mitano mwaka 2017, sukari ilishuka hadi kiwango kilicholengwa kwa asilimia 29 ya waliofanyiwa baipasi, asilimia 23 ya waliofanyiwa slivu, na asilimia 5 tu ya waliotibiwa kwa dawa za wakati ule. Ikumbukwe kwamba kisukari kilichokaa miaka mingi na kilichofikia insulini huitika kwa unyonge kuliko kilichogunduliwa juzi, na kwamba mwenye kuchoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari huhitaji dozi zipunguzwe mapema, kwa njia yoyote kati ya hizi, asije akazirai sukari ikishuka mno.

Kiungulia ni habari nyingine. Slivu huubana mfuko wa tumbo na kuongeza shinikizo, hivyo asidi hupanda kooni kwa urahisi. Nchini Finland, waliofanyiwa slivu na baipasi walifuatiliwa miaka kumi, na umio ulikutwa na uvimbe kwa asilimia 31 ya watu wa slivu dhidi ya asilimia 7 ya watu wa baipasi. Kwa sababu hiyo, mtu anayelala kwa mito mitatu na kumeza dawa ya asidi kila usiku aulize kwa nini anapewa slivu, na aombe kipimo cha kamera ya tumbo kabla ya kukubali. Sindano nayo huweza kuleta kiungulia na mbweu, lakini mara nyingi hupungua dozi ikishushwa.

Presha, maumivu ya magoti na kukatika pumzi usingizini hupata nafuu kadiri uzito unavyotoka, njia iwayo yoyote.

Hatari

Sindano huleta kichefuchefu, kutapika, kuhara au kufunga choo, hasa dozi inapopandishwa. Mara chache huvimbisha kongosho, na kupungua haraka huzalisha mawe ya nyongo katika njia zote tatu. Haifai kwa aliye na historia, yake au ya ukoo wake, ya aina adimu ya saratani ya tezi la shingo iitwayo medulari. Hatari ya karibu zaidi sokoni ni bidhaa bandia: Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo mwaka 2024 kuhusu semaglutidi ya kughushi iliyokamatwa katika nchi kadhaa. Inunuliwe kwa cheti cha daktari, katika famasia iliyosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, isinunuliwe kwa mtu anayeileta kwa bodaboda.

Kifo kutokana na pasuaji hizi, mikononi mwa timu yenye uzoefu, ni cha kama mtu 1 kati ya 1,000. Hatari za siku za mwanzo ni mshono kuvuja, kutokwa damu, na damu kuganda miguuni au mapafuni. Slivu haina marejeo, kwa kuwa kilichokatwa kimekwisha kutupwa. Baipasi ina hatari mbili zinazokuja baadaye: kidonda pale utumbo ulipoungwa na kifuko, ambacho huchochewa na sigara na dawa za maumivu, na utumbo kunasa ndani ya tumbo hata baada ya miaka. Mtu wa baipasi akishikwa na maumivu makali ya tumbo yasiyoachia, aende hospitali usiku huohuo na amweleze daktari wa zamu waziwazi alichofanyiwa, kwa maana nje hayaonekani ila makovu madogo matano au sita. Ni vyema kuwa na karatasi ya upasuaji ndani ya simu na ndani ya pochi.

Sahani, sinia na mwezi wa Ramadhani

Baada ya slivu au baipasi, wiki za kwanza ni za maji na supu iliyochujwa, kisha maziwa na uji mwepesi, kisha vilivyopondwa, hadi mtu anaporudia chakula cha kawaida kwenye wiki ya sita au ya nane. Tangu hapo kanuni ni chache na ni za maisha: kutafuna hadi chakula kilainike, kuanza na protini, kutokunywa wakati wa kula na kusubiri nusu saa, na kuacha mara tu shibe inapogonga. Protini inayolengwa ni gramu 60 hadi 80 kwa siku, na Pwani haina uhaba wake: samaki wa kuchemsha au wa kupaka wenye tui jepesi, mayai, maziwa mala, kunde, na mbaazi pasipo mahamri yake. Wali mkavu, mkate mweupe na nyama ya nundu isiyoiva vizuri ndivyo hukwama kwanza.

Mtihani mgumu ni sinia la pamoja. Watu watano wamekaa kulizunguka pilau, mwenyeji anasukuma minofu upande wa mgeni, kila mmoja anakula kwa kufuata kasi ya mwenzake, na hakuna anayejua amekula kiasi gani. Mtu wa slivu au baipasi akila kwa mwendo huo, tonge la sita huweza kukaa kifuani kama jiwe, na huishia kuinuka kwenda kutapika huku wenzake wakidhani ameudharau mlo. Suluhisho lililo rahisi ni kuomba kisahani chake mapema, kwa adabu, akajipakulia vijiko vinne au vitano, akakaa palepale siniani na wenzake. Mwenye sindano hukabiliwa na jambo linalofanana na hilo kwa upole zaidi: hamu hukatika katikati ya mlo, na vyakula vya mafuta kama bajia na viazi karai humkaa tumboni hadi asubuhi kwa kichefuchefu.

Sukari huwatofautisha zaidi. Mtu wa baipasi akila kaimati zilizolowa shira, halua, au akinywa juisi ya miwa, sukari humwagika katika utumbo mwembamba kwa mkupuo, na ndani ya nusu saa moyo huenda mbio, jasho humtoka, tumbo husokota na hulazimika kulala. Wapo wanaoiona hali hiyo kama mlinzi wao, na wapo wanaoichukia. Kwa watu wa slivu hutokea kwa nadra zaidi, kwa hivyo vitamu vinaweza kurudi kimyakimya.

Kuhusu saumu, Mombasa iko karibu na ikweta, na mfungo ni wa kama saa 13 na nusu miaka yote. Tatizo la aliyepasuliwa ni maji kuliko njaa: anahitaji lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, naye hawezi kugugumia glasi nzima, bali hunywa mafunda madogomadogo, na joto la Machi likimkuta hupungukiwa upesi. Madaktari wengi hushauri asifunge angalau miezi sita ya kwanza, wengine hadi mwaka mzima, kisha afunge kwa uangalizi. Fatwa ya mgonjwa kula na kulipa baadaye aipate kwa shekhe wake kabla Shaaban haijaisha. Kufuturu kuanze kwa maji na tende moja, ikiwa inamkubali, kisha supu, na daku lisiachwe. Mwenye sindano huweza kufunga mapema zaidi ikiwa hatapiki na dozi haipandishwi mwezi huo, na kwa kuwa ni ya wiki huweza kuichoma usiku baada ya futari, asihitaji kuuliza kama imebatilisha saumu yake.

Vidonge, vipimo na friji

Kwa baipasi, virutubisho ni vya kila siku hadi mwisho wa maisha: vitamini mchanganyiko, madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D na B12. Slivu huhitaji karibu orodha hiyohiyo, ingawa upungufu wake huwa mwepesi kidogo. Chuma na kalsiamu visimezwe pamoja, viachane saa mbili. Na chuma kisishushwe kwa chai ya maziwa wala kahawa tungu, kwa sababu hukifunga kisiingie mwilini. Anayetapika kwa wiki kadhaa mfululizo ahimize apewe vitamini B1, maana upungufu wake huharibu mishipa ya fahamu upesi. Vipimo vya damu hufanywa mara kadhaa mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka. Nasema hili kwa msisitizo: mtu anayejijua kwamba huacha dawa za presha pindi anapojisikia vizuri asikubali baipasi mpaka amepata mtu nyumbani atakayemkumbusha.

Dawa za maumivu nazo zibadilike. Ibuprofeni na diklofenaki hutolewa dukani kwa urahisi kwa kila mgongo unaouma, ilhali kwa mtu wa baipasi zinaweza kutoboa kidonda; atumie parasetamoli, na amwambie muuzaji kabla hajafungiwa dawa.

Sindano haihitaji orodha hiyo ya vitamini, ila inahitaji friji. Kalamu ambayo haijaanza kutumika huwekwa kati ya nyuzi 2 na 8, isigande, na ikishatolewa huvumilia joto lisilozidi nyuzi 30 kwa muda ulioandikwa kwenye boksi. Mchana wa Februari na Machi chumba cha Mombasa hupita nyuzi hizo bila shida. Kwenye mtaa ambao stima hupotea saa kadhaa, kalamu iwekwe katikati ya friji, mbali na friza, ndani ya kibweta chenye chupa mbili za maji baridi, na mlango usifunguliwe ovyo hadi umeme urudi.

Gharama na umbali

Upasuaji ni gharama kubwa ya mara moja, ya laki kadhaa za shilingi, kisha vidonge na vipimo vya kila mwaka. Sindano ni gharama ya kila mwezi isiyo na kikomo, na dozi ikipanda huweza kuzidi kodi ya chumba. Anayechagua apige hesabu ya miaka mitano kwa njia zote, kisha apeleke swali la malipo kwa maandishi kwa bima yake na kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, maana jibu la mdomo kwenye kaunta halilipi bili.

Wengi wa Mombasa hufanyiwa upasuaji Nairobi au India. Treni ya Madaraka hufika Nairobi kwa saa tano au sita, na si safari ngumu, lakini mwanzoni mtu atembee behewani kila saa ili damu isigande. La muhimu kuliko tiketi ni kupata daktari hapa mjini atakayekubali, kabla ya safari, kumfuatilia akirudi.

Uzazi, ngozi na maneno ya watu

Mwanamke anayetaka mtoto asubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji. Semaglutidi iachwe angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mimba. Uzito ukipungua yai hupevuka tena, na waliodhani hawazai hushika mimba ghafla, hivyo kinga ipangwe mapema. Vidonge vya uzazi havitegemewi sawasawa baada ya baipasi wala wakati tirzepatidi inapoanzwa au kupandishwa dozi.

Nywele hupukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kisha huota. Ngozi hulegea, zaidi kwa waliopasuliwa kwa kuwa hupungua zaidi, na kwenye unyevu wa Pwani mikunjo yake huwasha. Ikaushwe vizuri baada ya kuoga. Pombe, kwa anayekunywa, hupanda kichwani upesi sana baada ya upasuaji, na wengine huangukia uraibu ambao hawakuwa nao.

Tena yapo maneno. Jana alikuwa akiambiwa amenawiri, leo anaulizwa anaumwa nini, na wanaouliza hawakosi kumtajia maradhi wanayoyashuku. Sindano hupunguza polepole na huwapa watu muda wa kuzoea. Upasuaji huonekana ndani ya miezi mitatu. Ni haki ya mtu kuamua nani aelezwe, ila mke au mume na anayepika nyumbani wajue kila kitu.

Kwa hali yako

Mwenye uwiano wa 30 hadi 35, asiye na kisukari kikali, mwenye kipato cha kila mwezi kinachotabirika na friji ya kuaminika, aanze na sindano, na akubaliane na daktari tangu mwanzo ataendelea nayo kwa muda gani.

Mwenye kisukari cha miaka michache, au kiungulia cha kila usiku, na mwenye nidhamu ya vidonge, aizungumzie baipasi kwanza. Anayevuta sigara na hayuko tayari kuacha asiichague.

Asiye na kiungulia, anayetumia dawa za kudumu ambazo baipasi ingevuruga unyonywaji wake, au ambaye yumkini atahitaji dawa kali za maumivu kwa baridi yabisi, slivu huwa inamfaa zaidi.

Mwenye uwiano uliopita 50, au ambaye moyo na mapafu havijawa tayari kwa nusu kaputi, huweza kutumia sindano kwa miezi kadhaa kujipunguza kabla ya kupasuliwa. Amwambie mtoa nusu kaputi tarehe ya dozi ya mwisho, kwa kuwa tumbo lake huchelewa kuwa tupu.

Anayepanga mtoto ndani ya mwaka huu aahirishe zote tatu na afanye kazi na mtaalamu wa lishe.

Na aliyekwisha kufanyiwa slivu uzito ukarudi asidhani mlango umefungwa: apimwe kwanza umbo la kimrija na mazoea ya kula, kisha achague kati ya kuongezewa sindano na kubadilishiwa kuwa baipasi, na kiungulia ndicho huamua mara nyingi.